Mgeni Aliyepewa Jembe Akanyimwa Hati

Mapema mwaka wa 2025 nilipigiwa simu na binti niliyemfundisha Kiswahili akiwa kidato cha nne. Siku hizi anatunza wazee katika mji wa Amadora, jirani na Lisbon. Mamake alikuwa amefariki. Binti huyu alikuwa na kazi, na kodi alilipa kila mwezi, lakini kibali chake cha ukaazi kilikuwa kimekwisha muda na kipya hakijatoka. Serikali ya Ureno ilikuwa imeamuru kwamba vibali vya namna hiyo vihesabiwe kuwa halali hadi Juni 30 mwaka huo. Hata hivyo, amri hiyo haikuzifunga nchi nyingine za Ulaya, na safari ya kuja Nairobi ingempitisha katika mojawapo ya nchi hizo. Alihofia kuzuiliwa njiani na kupoteza kazi. Mama akazikwa bila yeye.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaoota Ulaya, kisa hiki si cha ukatili. Kingekuwa cha ukatili ingekuwa rahisi kukilaani. Waama, Wareno wamejitahidi kuliko wengi. Mwaka wa 2004 walifungua vituo Lisbon na Porto ambamo mgeni alikuta ofisi mbalimbali za serikali chini ya paa moja, akihudumiwa na watu ambao aghalabu walikuwa wahamiaji kama yeye na walioijua lugha yake. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali iliamua kwamba kila mgeni aliyekwisha kuomba kibali atibiwe kama mkaazi halali.

Na kuna sheria yao moja ya mwaka wa 1999 ambayo huniajabisha. Mtu asiye na hati ya nyumba aliweza kwenda ofisi ya kata pamoja na wapigakura wawili wa kata hiyo, wakashuhudia kwamba wanamjua na anaishi pale, naye akapewa cheti cha makazi. Yaani dola ilikubali kuwa jirani anajua jambo ambalo faili halijui! Lakini mgeni wa jana anamjua nani? Si ajabu wakazuka wenye kuuza ushahidi huo kwa fedha.

Kisha likaja pigo. Oktoba 29, 2023 idara ya uhamiaji ya SEF ilivunjwa na kazi yake kukabidhiwa asasi mpya iitwayo AIMA, iliyorithi mamia ya maelfu ya maombi yasiyoshughulikiwa. Wakati huo huo idadi ya wageni ilikuwa imepita milioni moja katika nchi ya watu wasiozidi milioni kumi na moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ureno iliwapa wageni jembe bila kusita, wakalima mashamba ya kusini na kuosha vyombo mahotelini. Hati ndiyo iliyochelewa.

Nani basi aliyewashika mkono? Ni watu kama wa Cova da Moura, mtaa uliojengwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji kutoka Cape Verde. Huko kuna shirika la wakazi, Moinho da Juventude, lililoanza miaka ya 1980, ambalo hulea watoto wa akina mama waendao kazini alfajiri na kuwasaidia watu katika mambo ya hati. Nawavulia kofia. Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosifu moyo wa jamii kana kwamba umetosha. Jirani aweza kukusomea barua ya Kireno. Hawezi kuigonga muhuri. Kila ofisi inapozembea na jamii ikaziba pengo, ofisi huhesabu kwamba hapana pengo.

Sisi wa pwani tuna neno la kusema hapa. Mwaka wa 1498 Vasco da Gama alifika Malindi akiwa mgeni asiyejua njia ya Bara Hindi, na mtawala wa Malindi akampa rubani wa kumfikisha. (Yaliyofuata, Mombasa inayakumbuka.) Hakumwambia asubiri zamu.

Kwa wanafunzi nasema hivi: jifunzeni Kireno kabla ya kupanda ndege, na ombeni kibali kipya mapema iwezekanavyo. Kwa binti yangu sikuwa na ushauri wowote usiku ule. Aliniambia wanawake wa Cape Verde wanaoishi ghorofa moja naye walikuja na sufuria ya kachupa, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, wakakesha naye hadi asubuhi. "Mwalimu," alisema, "nilipofunua nilidhani ni githeri."

Kadi yake ilitoka Novemba. Sasa anadunduliza nauli aje aone kaburi.