Miraa Ikitoka Mtini, Inanyunyiziwa Maji Gani?

Kila mara miraa inapotajwa magazetini, mabishano huwa ni yale yale. Mmoja atasema ipigwe marufuku, mwingine atasema ni riziki ya wananchi wa Meru na Embu na iachwe. Aprili 2020, wakati wa korona, Kaunti ya Mandera iliizuia kuingia. Mei 2024 kaunti za Pwani zikaikataza muguka, na Serikali Kuu ikasema amri hizo hazina nguvu. Wanasiasa wakapata la kusema, wakili akapata kazi, na anayetafuna akaendelea kutafuna.

Mimi ni daktari wa kutibu magonjwa ya kila siku, na kwa leo mabishano hayo nayaachia wenyewe. Nataka kukuuliza wewe msomaji swali dogo ambalo sijasikia likiulizwa katika mikutano hiyo yote. Tangu mche ule ulipokatwa mtini hadi ulipofika kinywani mwako, ulinyunyiziwa maji mara ngapi, na maji hayo yalitoka wapi?

Chukua mfano wa Kutulo. Huo ni mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Elwak, pale kaunti za Wajir na Mandera zinapopakana. Hakuna mmiraa hata mmoja unaoota pale. Miraa yote hutoka milima ya Nyambene, pande za Maua na Igembe, safari ya zaidi ya kilomita 400 katika joto na vumbi. Vijana hupanda mitini asubuhi na mapema wakachuma machipukizi. Kisha hukaa chini kuyapunguza: majani makubwa hutupwa, vijiti husawazishwa, na ncha laini zenye wekundu hubakizwa. Hufungwa vifungu vidogo, na vifungu kumi hufanya kile kinachoitwa “kilo”, ambacho hakikupimwa kwa mizani yoyote. Halafu hufunikwa kwa majani ya mgomba, hutiwa guniani, na gari huondoka kwa kasi inayojulikana na kila mtu aliyewahi kulipisha njia.

Kwa nini haraka yote hiyo? Mkulima wa bhangi hana haraka. Yeye huvuna, hupunguza majani, hutundika kivulini na kungoja wiki nzima au zaidi ikauke, kwa sababu nguvu ya bhangi haipotei kwa kukauka. Ile inayotoka Shashamane, Ethiopia, na kuingizwa nchini kwa magendo kupitia Moyale hufika imekauka tayari, na hapo ilipo humngoja mnunuzi. (Isitoshe humngoja na polisi, kwani sheria ya mwaka 1994 ni kali.) Miraa ni kinyume. Kinachomchangamsha mlaji ni kemikali iitwayo kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini. Mche ukikatwa na kuanza kunyauka, kathinoni hugeuka polepole kuwa kathini, ambayo ni dhaifu sana. Baada ya siku mbili au tatu mlaji atakuambia miraa imelala, haina handasi, na hatatoa hata nusu ya bei. Wataalamu waliitambua kathinoni katika miaka ya 1970, lakini wachuuzi walikuwa wamelijua jambo hilo vizazi vingi kabla yao.

Basi fikiria gunia hilo likifika Kutulo saa nane mchana. Jua ni kali, na ncha za majani zinaanza kulegea. Anayeuza kwa kawaida ni mama, mara nyingi ndiye mlezi pekee wa watoto wake, na mtaji wake wote umo ndani ya gunia lile. Atafanya nini? Atachota maji kwa kikombe, atanyunyiza, atafunika kwa gunia lililoloweshwa, na kila saa atarudia. Niliwahi kumuuliza mama mmoja wa kazi hiyo kwa nini hanunui maji safi. Akanijibu, “Daktari, maji ya kunywa watoto wangu sina, nitapata wapi ya kuoshea majani?” Sikuwa na la kumrudishia.

Katika sehemu kubwa ya Kaskazini Mashariki, wakati wa ukame maji hutoka katika silanga ambayo ng’ombe, mbuzi, ngamia na binadamu huitumia pamoja, au huletwa kwa lori na kumiminwa tangini, kisha husambazwa kwa mikokoteni ya punda. Mvua ikinyesha mambo huwa mabaya zaidi, maana uchafu wote wa vichakani huteremka kwenye silanga. Maji hayo ndiyo yanayomwagiwa kitu kitakachotafunwa kibichi. Sukumawiki huchemshwa. Nyama ya mbuzi huiva. Chai huchemka. Miraa peke yake hutoka guniani, hupanguswa kwa vidole ambavyo vimekwisha kushika noti, simu na mkono wa jirani, kisha hukaa shavuni kwa saa nne au tano, na utomvu wake humezwa.

Hapa pana jambo ambalo ningependa ulishike vizuri. Kijidudu cha kipindupindu huuchukia ukavu. Kikiwa juu ya kitu kilichokauka na kuchomwa na jua, hufa upesi. Lakini juu ya mboga mbichi yenye unyevu, iliyowekwa mahali pa kivuli, kinaweza kuishi siku kadhaa. Ukitaka kubuni chombo cha kukihifadhi ukisafirishe, hungepata kilicho bora kuliko jani laini, lililonyunyiziwa maji, likafungwa kwa jani la mgomba na kufunikwa kwa gunia bichi. Yale yale yanayoifanya miraa isife ndiyo yanayomfanya kijidudu naye asife. Na si kipindupindu pekee. Homa ya matumbo, amiba, mayai ya minyoo na homa ya manjano inayotokana na uchafu wa choo, vyote husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba miraa ndiyo iliyoleta kipindupindu kilichoishambulia Mandera mwaka 2016, ambapo wananchi walipigwa na chikungunya wakati ule ule. Wala sisemi ndiyo iliyoleta mlipuko ulioanza mwishoni mwa 2022 na kuendelea 2023, ambao ulizifikia kaunti zetu za Kaskazini Mashariki pia. Chanzo kikubwa cha milipuko hii ni uhaba wa maji safi na vyoo. Ninachosema ni kwamba kila mlipuko unapotokea, maafisa wa afya hufunga vibanda vya chakula, huwakataza wauza matunda yaliyokatwa, na hutia dawa visimani, lakini gunia la miraa hupita kati yao likiwa limelowa chapachapa na hakuna anayeligusa. Anayelisimamisha ni mtoza ushuru, na yeye akishakata risiti hana neno jingine.

Huo ndio upungufu ninaoulalamikia. Miraa ilitambuliwa na sheria kuwa zao rasmi mwaka 2016. Ikiwa ni zao rasmi, na linaingia kinywani, basi liangaliwe kama vitu vingine viingiavyo kinywani. Mwenye bucha hutakiwa kuwa na cheti cha afya. Mpishi wa hoteli kadhalika. Muuza miraa haulizwi chochote ila ushuru. Wakati wa korona tuliambiwa kwamba majani haya hupita mikono mingi na yanaweza kueneza ugonjwa, na hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Korona ilipopoa, hoja ikasahauliwa, kana kwamba kuna kijidudu kimoja tu duniani.

Wapo watakaouliza: kwa nini basi miraa isikaushwe, ikasafirishwa kama majani ya chai, tukaepukana na maji haya? Swali hili si la kuchekwa. Wazee wa Harar wasio na meno huitwanga wakaila, na Waarabu tangu zamani wameijua chai ya majani yake. Tena tangu Uholanzi ilipoizuia mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014, wako wanaoikausha na kuituma ng’ambo kwa posta, mfuko ukiandikwa kuwa ni hina au moringa. Watu huamini kwamba ikikauka imekufa na haina madhara tena. Hilo ni kosa. Ikinyauka polepole ndiyo nguvu hupotea, lakini ikikaushwa haraka kathinoni hubaki kwa kiasi, na huweza kupimwa katika majani hayo hata baada ya muda mrefu. Mtu anayekunywa kikombe cha unga huo hajui amekunywa kiasi gani. Tena majani yaliyokaushwa nusu nusu na kurundikwa hufanya ukungu, nasi nchi hii tunaujua ukungu: mahindi yenye sumu yake yaliua watu 125 Ukambani mwaka 2004. Kwa hiyo kukausha si dawa, na mama wa Kutulo anayeanika masalio yake juu ya bati ili ayauze kesho yake ananunua matatizo mapya.

Dawa iliyopo ni ya bei nafuu, na ndiyo maana inanikasirisha kuona haitumiki. Kifuniko kimoja cha WaterGuard kwa mtungi wa lita 20, koroga, ngoja nusu saa, maji yako tayari. Mtungi huo hutosha kunyunyizia magunia ya siku nzima. Kaunti ikitenga sehemu ndogo tu ya ushuru wa miraa ikanunua dawa hiyo, ikaweka tangi moja lenye bomba na kifuniko pale magari yanaposhushia mizigo, afisa wa afya hatahitaji kumfukuza mama yeyote. Atahitaji kuja asubuhi na kupima klorini, kazi ya dakika tano.

Na wewe unayetafuna, iwe ni Kutulo, Garissa au Eastleigh, usidanganyike kwamba majani yako yakifika Nairobi yamekuwa masafi. Nayo hunyunyizwa, na maji ya mferejini mtaani mwako huenda yakawa hayana tofauti. Osha majani kwa maji yaliyotiwa dawa, yakung’ute, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujaanza. Kuosha kutapunguza pia dawa ya wadudu ikiwa ilipulizwa shambani, ingawa hakutaiondoa yote. Utafiti wa Yemen uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watafunaji wa miraa iliyopulizwa dawa walikuwa na malalamiko mengi zaidi ya kiafya kuliko waliotafuna isiyopulizwa. Glasi moja ya maji isizungushwe kwa watu sita. Ikiwa kuna mlipuko katika eneo lenu, iache kabisa hadi utangazwe kuwa umekwisha. Najua utanuna.

Mtaniuliza kama sasa daktari anawafundisha watu kula miraa vizuri. Hapana. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asiiguse, maana huukimbiza moyo na kupandisha shinikizo, na wako waliopata kiharusi. Mama mja mzito asiiguse, kwani mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili asiikaribie. Anayemeza ampisilini ajue kwamba miraa huizuia dawa hiyo isiingie mwilini ipasavyo, basi ameze saa mbili baada ya kutafuna, na bora aache kwanza apone. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili anayejifungia na wenzake katika chumba kisicho na dirisha, aende apimwe kifua kikuu kabla ya kikao kijacho. Haya yote nayasema kila siku, na wengi huitikia kwa kichwa wakaenda zao. Kwa hiyo yule ambaye hataacha leo, angalau asife kwa sababu ya kikombe cha maji.

Hatari ya mwisho ni hii. Miraa hukausha kinywa na kuondoa njaa, na mlaji huzoea kujiona mkavu na mchovu asubuhi yake. Akianza kuharisha maji meupe kama ya mchele, hudhani ni miraa ya jana, akalala. Kipindupindu hakimngojei mtu alale. Huweza kumwua katika saa chache. Ukiona choo cha namna hiyo, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Anza kunywa pale pale, endelea kunywa hata kama unatapika, na mwambie mtu akupeleke hospitali usiku huo huo.