Mechi imeisha, dereva wa mashabiki wa Ifakara bado yuko uwanjani

MECHI ya saa 1:00 usiku Kwa Mkapa inamalizika saa 3:00 hivi. Shabiki wa Temeke anakwenda kulala. Wa Ifakara ndiyo kwanza anapanda Kosta, na mbele yake kuna zaidi ya kilomita 400.

Piga hesabu. Kosta ilitoka Ifakara alfajiri. Dereva ni huyohuyo, na mchana hakulala, naye ana timu yake. Mkitoka Dar saa 4:00 usiku, Hifadhi ya Mikumi mnaikuta kati ya saa 9:00 na 10:00, wakati usingizi umekolea na wanyama wanakatiza barabara. Mkishinda, nyimbo zinamchangamsha mpaka Chalinze. Baada ya hapo gari zima limelala, kabaki peke yake.

Soka letu lina makovu ya barabarani. Mei 2017 Jonas Mkude, nahodha wa Simba wakati huo, alipata ajali Dumila, mkoa huuhuu wa Morogoro, akitokea fainali ya Kombe la FA Dodoma. Shabiki mmoja alifariki. Julai 2021 basi la Polisi Tanzania lilipata ajali mkoani Kilimanjaro, Gerald Mdamu akavunjika miguu. Februari 2025 ikawa Dodoma Jiji, Nangurukuru, wakitoka kucheza na Namungo. Mechi yao na Simba ikaahirishwa.

Watu wa Kilombero hawahitaji kufundishwa hatari ya safari. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama hapo mtoni. Leo kuna Daraja la Magufuli, na lami ya Kidatu–Ifakara imemaliza vumbi. Lakini lami haimwondolei mtu usingizi, tena inamshawishi akanyage mafuta zaidi.

Viongozi wa matawi, dawa iko kwenye mchango. Wekeni dereva wa pili, na asishike usukani wakati wa kwenda. Gharama yake ikigawanywa kwa vichwa 25 si kubwa. Ikishindikana, laleni Morogoro, muondoke kukikucha.

Na wewe abiria, ukiona gari linayumba, sema lisimame. Usione haya.

Kocha akiona kiungo kachoka dakika ya 70 anamtoa, tunapiga makofi. Mechi ijayo, kabla hujalipa nauli, uliza: dereva wa akiba ni nani?