Faili limenenepa, kompyuta inasingiziwa!

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapishi na mavazi, tuongee habari ya ugonjwa mmoja unaowasumbua watu wengi kimyakimya. Wala si ugonjwa wa mwili. Ni ule wa kompyuta kukuandikia kwenye kioo kwamba memori haitoshi, wakati wewe uko ukurasa wa mia tatu na kitu na mwenye kazi yake anaitaka kesho asubuhi.

Wanaujua wanafunzi wa vyuo wanaomalizia tasnifu. Wanaujua makarani wanaoandaa ripoti za mwaka zenye picha kila ukurasa. Unabonyeza herufi moja, inatokea baada ya sekunde kumi. Unashuka chini, mahali pa picha unaona maboksi matupu. Unasevu, inagoma. Ukimwita fundi, dawa yake ni moja tu: "Nunua ram nyingine, bosi."

Jamani, si kila homa ni malaria! Kabla hujafungua pochi, nisikilize.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 78. Kwa miaka sita amekuwa akiandika historia ya ukoo wao. Amezunguka Muheza na Handeni kwa mabasi, akawahoji wazee, akaskani picha za zamani, zile zenye kingo za meno meno. Kazi imefika kurasa 412 na picha 130. Siku moja mjukuu wake alinifuata, akaniambia babu hali chakula. Nikaenda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo uone, kitabu changu hakifunguki. Fundi anasema ninunue memori, na bei aliyonitajia ni pensheni yangu ya mwezi mzima. Ninachoogopa si hela. Wazee watatu niliowahoji wameshatangulia mbele ya haki. Maneno yao yamo humo tu."

Basi hapo ndipo nilipoona kwamba hili si suala la mashine tu.

Kwanza tuelewane hii memori ni kitu gani, maana wengi wanaichanganya na diski. Mfikirie mama mwenye genge. Nyuma ana stoo, mbele ana meza. Stoo ndiyo diski, vitu vinakaa hata usiku. Meza ndiyo memori, inabeba kile kinachouzwa sasa hivi, na jioni inafagiliwa. Unaweza kuwa na stoo kubwa kama godauni, lakini meza ikijaa, biashara inasimama.

Sasa nani anaijaza meza? Si maneno, ndugu yangu. Maneno ni mepesi mno. Kurasa 400 za maneno matupu hazifiki hata uzito wa picha moja ya simu. Microsoft wenyewe wameweka kikomo cha maneno katika faili moja la Word kuwa megabaiti 32, na kuandika maneno ya kujaza hizo megabaiti 32 utazeeka bado hujamaliza. Wachawi ni picha.

Chukua picha ya simu ya kawaida yenye nukta 4,000 kwa 3,000. Hizo ni nukta milioni 12. Kwenye diski inalala ikiwa imebanwa, megabaiti tatu au nne tu, kama belo la mitumba lililofungwa kwa waya. Lakini ili uione kwenye kioo lazima belo lifunguliwe, na kila nukta inataka baiti tatu au nne. Piga hesabu: picha moja inakula megabaiti 36 hadi 48. Zikifunguka 40 kwa mpigo, unakaribia gigabaiti mbili! Ndiyo maana faili linatulia ukiwa unaandika, halafu linakufa ukitaka kulichapa au kuligeuza PDF, maana hapo mabelo yote yanafunguliwa moja baada ya jingine.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Ukiishika picha kwenye kona ukaivuta mpaka ikawa ndogo kama stempu, uzito wake haupungui hata kidogo. Umeikunja tu. Hata ukiikata pembeni, kile kipande ulichokikata bado kimo ndani ya faili, kimejificha.

Haya, tiba. Fuata hatua moja moja, usiruke.

Ya kwanza: toa kopi ya faili, moja kwenye flashi, nyingine ujitumie kwa barua pepe, au kama limekuwa zito mno uiweke kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini. Usimguse mgonjwa kabla hujafanya hivyo. Tena kopi iwe na jina lenye tarehe.

Ya pili: zima kompyuta, iwashe upya, fungua faili lako peke yake. Hizo kurasa 25 za intaneti ulizoziacha wazi, muziki na video, vyote vinakaa kwenye meza ileile.

Ya tatu: angalia nafasi kwenye diski. Word ina ujumbe unaosema memori *au nafasi ya diski* haitoshi. Watu wanasoma neno la kwanza, la pili wanaliacha. Ukiwa unafanya kazi, programu huandika vifaili vya muda kwenye diski. Diski ikijaa video za harusi, italia njaa hata kama memori ipo tele. Hamisha hizo video kwanza.

Ya nne, na ndiyo kubwa: punguza unene wa picha. Kwenye Word bofya picha moja, nenda kwenye menyu ya picha, tafuta palipoandikwa "Compress Pictures". Ondoa tiki inayosema ni kwa picha hii peke yake, weka tiki ya kufuta vipande vilivyokatwa, chagua 150. Hapo picha zote zinapungua kwa mpigo. Lakini angalizo: ukishasevu, ule ukubwa wa mwanzo haurudi. Picha zako halisi ziwe zimetunzwa pembeni, hasa kama kitabu kitakwenda kwa mchapaji, maana yeye atazitaka zile kubwa.

Ya tano: kama faili limepitia mikono ya wengi na limejaa masahihisho ya rangi rangi, yapitie, yakubali au yakatae, yaishe. Kila sentensi iliyofutwa kwa mtindo huo bado imo ndani inalipiwa kodi.

Ya sita: gawa kazi. Kila sura iwe faili lake. Namba za kurasa unaweza kuziambia zianzie popote, sura ya pili ikaanza na 47. Mwisho unageuza kila sura kuwa PDF, kisha unaziunganisha. Hii ni tabia ya kuanza nayo siku ya kwanza, usisubiri mpaka maji yafike shingoni.

Na kama faili bado linaleta ukorofi, huenda limeumia ndani. Fungua faili jipya, kopi kila kitu *isipokuwa ile alama ya aya ya mwisho kabisa*, pesti kwenye faili jipya. Ile alama ya mwisho hubeba mipangilio mingi ya faili zima, na mara nyingi ugonjwa hukaa humo.

Kwa mwalimu tulianza na kopi, maana mjukuu alikuwa anatetemeka. Faili lilikuwa megabaiti 380. Kwenye ile kompyuta yake lilikataa katakata, tukalifungulia kwenye kompyuta ya binti mmoja wa mtaani yenye nguvu zaidi. Tulipobana picha likashuka mpaka 41. Tukaligawa sura tisa. Tukarudi nyumbani, likafunguka kwenye kompyuta ileile iliyohukumiwa. Mwalimu hakusema kitu. Alishuka taratibu mpaka ukurasa wa mmoja wa wale marehemu, akasoma kwa sauti, akavua miwani, akaifuta.

Sasa msije mkasema nimewaharibia mafundi riziki. Ram inanunuliwa pale inapostahili. Kama kompyuta yako ina gigabaiti nne tu, na hata baada ya yote haya faili moja peke yake linaijaza, basi nunua kwa moyo mweupe. Ila uliza kwanza swali hili: "Hii Word yangu ni ya biti 32 au 64?" Programu ya biti 32 kwenye Windows kwa kawaida haivuki gigabaiti mbili mpaka nne, hata uijazie memori mpaka pomoni. Utakuwa umemnunulia meza ya karamu mtu anayekaa kona moja. Kuanzia Office 2019 ile ya 64 ndiyo inayojiweka yenyewe, lakini ofisi nyingi bado zina za zamani.

Wala ujumbe huu kutupotosha si jambo la leo. Wale wa enzi za Windows 3.1, iliyotoka mwaka 1992, wanakumbuka kompyuta ikilalamika memori imekwisha wakati ipo ya kutosha. Kilichojaa kilikuwa vijisanduku vya ndani vya kilobaiti 64, na hata ungeongeza ram kiasi gani, vile havikukua. Watu walinunua, na ujumbe ukabaki palepale.

Kwa hiyo dada yangu unayemalizia tasnifu, na wewe kaka mwenye ripoti ya bosi, leo usiku kabla ya kulala fanya moja tu kati ya niliyoyasema: ile ya kwanza. Mengine yanaweza kusubiri Jumamosi. Kopi haisubiri.

Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo, tutarudi jikoni. Kwa leo, alamsiki.