Binti anayekula usiku na kutapika



Baada ya likelemba ya juzi, mama mmoja alinivuta pembeni. Binti yake ana miaka 17 na anajitayarisha kwa mtihani wa serikali. Asubuhi hagusi chakula, anasema hana njaa. Usiku, bugali na sombe iliyobaki kwenye sufuria inaisha, mkate wa kesho nao unaisha, kisha mama anamsikia chooni akitapika. Alifikiri ni mimba, wakapima, hakuna. Shemeji akasema ni karuho, apelekwe kwa mtu anayetoa sumu.

Kutapika kuna sababu nyingi, na muuguzi ndiye wa kuziangalia. Lakini kuna ugonjwa mmoja tusioutaja: bulimia. Gerald Russell, munganga wa London, aliuandika kwa jina hilo mwaka 1979. Mtu anakula chakula kingi mno kwa muda mfupi, anajiona hawezi kusimama, kisha kwa kuogopa kunenepa anajitapisha, anameza dawa za kuharisha, au anashinda njaa. Wengi hawakondi. Ndiyo maana tunalala nao nyumba moja bila kujua.

Tusiseme ni ulafi. Mara nyingi wasiwasi ndio unaotangulia: mtihani, ada ambayo haijalipwa, baba aliyeondoka, milio ya risasi ya usiku. Kichwa kinajaa, tumbo linafungwa, mtoto hali mchana kutwa. Usiku njaa na mawazo vinamkamata pamoja. Akila, moyo unatulia kidogo. Kisha aibu inaingia, na hofu ya mwili wake, anatapika, anapumua. Kesho anaamka na wasiwasi wa jana pamoja na siri mpya, anaapa hatakula, na njaa hiyo inamrudisha kwenye sufuria ileile. Sisi wenyewe tunaongeza kuni tunapomwambia mbele ya wageni kwamba amenenepa, au tunapomfananisha na dada yake.

Na si wasichana tu. Wapo wamama wenye watoto wanaoficha jambo hili kwa miaka.

Mwili unalipa. Asidi ya tumbo inakula meno, na mashavu karibu na masikio yanaweza kuvimba. Kubaya zaidi, kutapika na kuharisha kunapunguza potasiamu kwenye damu, na moyo unaweza kupiga vibaya hata kusimama. Kwa hiyo dawa ya kienyeji ya kumtapisha zaidi ni kumsukuma kwenye hatari hiyo. Akizimia, akitapika damu, moyo ukienda mbio au misuli ikikosa nguvu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake, na mtafute msaada saa hiyohiyo.

Mama huyo aliniuliza kama afunge jiko kwa kufuli. Nilimwambia hapana, kufuli linaongeza aibu, na aibu ndiyo inayolisha ugonjwa. Achague saa ya utulivu, si wakati wa kula, aseme tu: nimekusikia usiku, sijakasirika, nina wasiwasi juu yako. Akikana, asibishane, arudi siku nyingine. Chakula kiwe cha saa zilezile, asubuhi, mchana na jioni, hata kikiwa uji na ndizi, maana tumbo lisiloshinda njaa halivamiwi kirahisi usiku. Baada ya kutapika asukutue kwa maji, asipige mswaki papo hapo.

Kwenye kituo cha afya aseme wazi kwamba mtoto anajitapisha, asiseme tumbo tu, na aulize kama kuna mtu anayeshughulikia magonjwa ya akili au mawazo. Matibabu ya kuzungumza yanasaidia wengi, na munganga anaweza kuongeza dawa. Huchukua miezi, na kurudi nyuma mara mojamoja ni kawaida.

Jana mama alinipigia simu. Binti alikana mara ya kwanza. Mara ya pili alilia, akaomba baba asiambiwe bado. Jumatatu wanaenda wawili kituoni.