Hesabu itatupikia ugali gani?

Juzi jirani yangu alinijia amefura kwa hasira. Bintiye amefaulu vyema, na badala ya udaktari anataka kusomea hisabati chuo kikuu.

"Hesabu tupu itatupikia ugali gani?" akaniuliza.

Nilimmiminia chai, nikamsimulia kisa cha Ireland. Mwaka wa 1940, vita vikuu vikiendelea Ulaya, waziri mkuu wa nchi hiyo changa, Éamon de Valera, aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, alianzisha taasisi ya utafiti jijini Dublin kwa pesa za serikali. Wapinzani walinung'unika. Lakini kazi yenyewe haikuhitaji mitambo ya bei ghali, ila vitabu, kalamu, ubao na vichwa vya kufikiri.

Mmoja wa walioajiriwa ni Erwin Schrödinger, mwanafizikia aliyewakimbia Wanazi huko Austria. Mwaka wa 1943 alitoa mihadhara akiuliza uhai ni nini. Kitabu kilichotokana nayo, cha 1944, kiliwachochea James Watson na Francis Crick, ambao mwaka wa 1953 walieleza umbo la DNA. Leo, baba akimkana mtoto, mahakama huagiza kipimo cha DNA.

Sikumwahidi jirani kwamba bintiye atatajirika. Nilimwambia tu kwamba mbegu nyingine huchelewa kuota.

Alimaliza chai kimya. Mlangoni akageuka: "Na karo ya hiyo hisabati ni pesa ngapi?"

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo pa kuanzia.