Kiganjani mwa Nani?

Ingia steshenari yoyote Mbinga mjini katikati ya mwaka, kahawa ikiwa bado kwenye vichanja. Utakuta vijana waliomaliza kidato cha sita, wametoka Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Wamekuja kujaziwa fomu za chuo na mikopo. Mwenye kompyuta anauliza, wao wanajibu. Anawafungulia barua pepe, anawatungia neno la siri, kisha analiandika kwenye daftari la kaunta wasije wakalisahau. Mzazi analipa, wanaondoka. Siri ya mtoto inabaki kwenye daftari lililomwagikiwa soda.

Halafu wakubwa wanapanda jukwaani kutuambia huduma sasa ziko kiganjani. Kiganjani mwa nani?

Na msituletee ile hadithi kwamba wananchi hawana elimu ya teknolojia. Mvuvi wa Lituhi akishauza dagaa wake anabonyeza *150*00#, anasoma menyu ya Kiswahili, anachagua kwa namba, pesa inafika Songea. M-Pesa iko nchini tangu 2008, na haikumdai bando wala simu janja. Kitochi kinamtosha.

Sasa mpe mvuvi huyohuyo tovuti. Fomu nyingi ni Kiingereza kitupu, hata pale anapoulizwa kijiji alichozaliwa. Cheti kikizidi ukubwa kinakataliwa, na maandishi mekundu yanayotokea hayasemi afanyeje. Kitufe cha kutuma kimejificha nje ya kioo cha simu. Akienda kufungua sanduku atafute namba ya NIDA ya mkewe, akirudi mfumo umeshamtoa nje, na yote aliyojaza yamefutika. Aanze upya, kwa bando lake!

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mwaka uleule UNESCO ikakipa Julai 7 kuwa siku yake duniani. Jaji ameweza kuandika hukumu kwa Kiswahili. Fomu inashindwa nini?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo tunayo, ya 2022, lakini daftari la kaunta halijaisikia. Mwenye steshenari simlaumu hata kidogo (bila yeye wengi wa vijana hawa wasingeomba chochote). Wa kubanwa ni yule bwana aliyeujaribu mfumo ofisini Dodoma, kwenye kompyuta kubwa na intaneti isiyokatika, akaridhika, akasaini malipo.

Lami imeshafika Mbamba Bay, kwa hiyo kisingizio cha barabara hakipo. Kabla ya kusaini malipo mengine, teremkeni na mfumo wenu hadi ufukweni. Mwacheni mama muuza dagaa aufungue kwa simu yake mwenyewe, nanyi kaeni pembeni, mtazame, msimwelekeze. Akishindwa kufika mwisho, msilipe.