Mwanga Hauli Metali

Wako wenzetu wa kidato cha nne wanaodhani kwamba mwanga ukitoa elektroni katika metali, metali huliwa kama chuma kiliwavyo na kutu. Sivyo hata kidogo. Kinachobadilika ni chaji: uzito na ugumu hubaki vile vile kwa vipimo vyetu. Ukiiunganisha na ardhi, hurudishiwa elektroni zake.

Mwaka 1888 Hallwachs aliona zinki yenye chaji hasi ikiipoteza kwa mwanga wa urujuanimno. Mwaka 1905 Einstein akaeleza sababu. Basi, nionavyo mimi, kukariri majina hayo hakutoshi. Kibao cha zinki kilichopigwa msasa, elektroskopu na taa ifaayo vingeondoa ubishi wote. Walimu wetu, twaomba tuonyeshwe kabla ya mtihani.